Tanuri Lililowashwa Saa Tatu

Mkaguzi wa chuo aliandika maneno mawili tu, kwa kalamu nyekundu: "Amekariri. Arudie." Maneno mawili, lakini yalimkaa mwalimu wetu kooni kama mwiba wa samaki. Nasema mwalimu, ingawa alikuwa bado mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha. Shangazi yake alianza kumwita hivyo tangu siku ilipofika barua ya chuo, na karakana yake nzima ya vigae ikadakia.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Alikuwa anawafundisha kidato cha tatu jinsi grafu inavyohama. Alichora mkunjo wa x mraba, ule unaofanana na bakuli, umekaa vizuri juu ya sifuri. Akawaonyesha kwamba ukijumlisha tatu nje ya mabano, bakuli zima linapanda juu hatua tatu, na hapo hakuna aliyebisha. Kisha akatoa tatu ndani ya mabano, kwenye x yenyewe, bakuli likaenda kulia. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye shule nzima ilimwita Kwanini, akanyoosha mkono. Kutoa si kurudi nyuma? Mbona hili limeenda mbele? Mwalimu akajibu kwamba ndani ya mabano mambo huwa kinyume, ndivyo kanuni inavyosema. Kwanini akataka kujua kanuni yenyewe imeambiwa na nani. Mwalimu akageuka kufuta ubao ambao wala haukuwa umejaa.

Ukaguzi wa pili ulipangwa Jumatatu, somo lilelile, darasa lilelile. Akianguka tena, chuo kingemwondoa, na miaka miwili ya kusoma ingekwenda na maji. Alifungua vitabu vitatu. Vyote vilimwambia "kinyume" na kuendelea na safari zao. Usilolijua ni usiku wa giza, na huyu binti alikuwa gizani na tochi tatu zisizo na betri.

Jumamosi akaenda karakana kwa shangazi kusaidia kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa anavikimbia vitabu vyake.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa mchoma vigae. Shule aliiachia darasa la sita, lakini ukimpa kigae akakigonga kwa kucha, anakwambia kimeiva au kimekudanganya. Ukutani, juu ya tanuri namba mbili, alikuwa amebandika karatasi ya miraba, masaa yamepangwa chini, digrii zimepanda ubavuni. Mstari mmoja ulianza saa moja asubuhi, ukapanda taratibu kama mtu mwenye mzigo, halafu ukakaza mwendo. Huo ndio mwendo wa moto, na haukuchezewa. Kando yake palikuwa na maandishi ya penseli: "Jumlisha 30." Kipimajoto cha tanuri lile kilikuwa kinatia chumvi. Joto likiwa mia mbili, chenyewe kinatangaza mia mbili na thelathini, kila siku, bila haya.

Siku hiyo mleta gesi alichelewa, akaja na visingizio vingi kuliko mitungi. Tanuri likawashwa saa tatu badala ya saa moja. Shangazi akaenda chumba cha pili kupanga vigae, akamwachia mwalimu zamu ya koki. Alimwagiza kwamba ikifika saa tano asome ukutani joto linatakiwa kuwa ngapi, kisha arekebishe gesi.

Saa tano ikafika. Sindano ya kipimajoto ilikuwa kwenye mia mbili na thelathini. Mwalimu akapiga hesabu yake haraka: tumechelewa masaa mawili, tano na mbili ni saba. Akasoma ukutani penye saa saba. Mia sita na hamsini! Tanuri limelala usingizi wa pono, na yeye ndiye mlinzi. Akaishika koki ili aifungulie gesi yote.

Mkono mzito wenye vumbi la udongo ukatua juu ya wake.

Shangazi hakufoka, na angefoka nani angemlaumu? Mle ndani mlikuwa na vigae mia nne vyenye unyevu tumboni. Ukivikimbiza, vinapasuka kama bisi. Aliuondoa tu ule mkono kwenye koki, polepole.

"Moto huu una masaa mangapi tangu uwake?"

"Mawili, shangazi."

"Na pale ukutani, moto wenye masaa mawili unausoma wapi?"

Mwalimu akaweka kidole kwenye saa moja, akahesabu miraba. Kidole kikasimama penye saa tatu. Mia mbili. Ongeza chumvi ya kipimajoto, mia mbili na thelathini. Tanuri lilikuwa halina hili wala lile, linakwenda sawasawa.

"Ukuta haujui kwamba mleta gesi alichelewa," shangazi akasema. "Saa yako inasema tano, lakini ukuta unauuliza habari za saa tatu. Unatoa mbili kwanza, ndipo unauliza."

Akavuta droo, akatoa nailoni angavu. Juu yake alikuwa ameunakili mstari uleule kwa kalamu ya wino mzito. Akaiweka juu ya karatasi mpaka mistari miwili ikawa mmoja, kisha akaisukuma miraba miwili kulia. Mstari haukupinda wala haukunyooka. Kila kilichokuwa kitokee kilikuwa bado kinatokea, ila baadaye.

Mwalimu alitazama mpaka macho yakamuuma. Ametoa mbili, na mstari umekwenda kulia. Akauliza, kwa sauti ndogo, ile thelathini je?

"Hiyo unajumlisha ukishapata jibu," shangazi akasema. "Ya saa unaitoa kabla hujauliza. Usizichanganye, mwanangu, zitakuunguza."

Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kifudifudi. Miaka yote alijiona ndiye wa kwanza kuingiza hisabati katika ukoo wao, na kumbe ilikuwa imebandikwa ukutani hapa tangu yeye hajazaliwa. Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja fahari kubwa mno, akashindwa aiweke wapi. Akamuuliza shangazi amewezaje kutokea pale kwa wakati ule hasa. Shangazi akacheka. Alikuwa amesimama mlangoni tangu saa tano kasoro. Alijua atajumlisha. Yeye mwenyewe alijumlisha mwaka wake wa kwanza, akatoa tanuri zima la vipande.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani na ile nailoni, ina alama ya kidole cha udongo pembeni. Mkaguzi akakaa nyuma na kalamu yake. Mwalimu hakuanza na mabano. Aliunakili ubaoni mstari wa moto, akaibandika nailoni juu yake. Aliwaambia habari za tanuri na mleta gesi, akauliza saa tano tusome wapi, na darasa zima likapaza sauti, "Saba!" Akawaacha wavipasue vigae vyao kwanza. Kisha akauliza moto una masaa mangapi. Kwanini ndiye aliyesimama, akaja ubaoni bila kuitwa, akaisukuma nailoni kulia kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kukaa. Siku hiyo hakuuliza chochote.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi alibaki na andalio la somo mkononi. Akaweka kidole penye sehemu ya rejea, pale ambapo watu huandika majina ya vitabu.

"Hapa umeandika 'Shangazi, tanuri namba mbili.' Hiki ni kitabu gani?"

"Si kitabu," mwalimu akajibu. "Ni aliyenifundisha. Nisingemwandika ningekuwa mwizi."

Mkaguzi akaitazama ile alama ya kidole kwenye nailoni. Kisha akaandika, kwa kalamu ileile nyekundu: "Ameelewa. Apite." Na penye rejea akaweka alama ya vema.

Jioni ileile karatasi ya andalio ilifika karakana. Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akaipokea, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari, kama anavyousoma moto. Kidole kikasimama penye rejea na hakikuendelea.

"Hapa umeniandika mimi," akasema.

Akamrudishia karatasi, akafuta mikono yake upya, kidole kimoja kimoja, ndipo akaiomba tena.