Kidole Nyuma ya Kisigino

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao ulio kando ya mlango wa stoo, mahali ambapo kila mwongozaji lazima apite akienda kuchukua kamba. Lilisema ajali ya Jumamosi ilitokana na uzembe wa mwongozaji, mwongozaji huyo amenyang'anywa kitambulisho cha kuongoza wageni, na sisi wengine tujifunze.

Mwongozaji huyo ni shemeji yangu, mume wa dada. Kazini tunamwita Kinyonga, kwa sababu akiwa juu ya jiwe hupeleka mguu mbele, akaupima, akaurudisha, akaupeleka tena, mpaka wageni wanachoka kumtazama. Miaka kumi na moja anatembea hivyo. Ukitaka kumsema Kinyonga yako mengi: ni mbishi, anakoroma, hajui kufunga mlango polepole. Lakini uzembe?

Mimi si mtu wa kupayuka. Kazi hii sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kujaribu na kuandika nilichoona, ndiyo maana wenzangu wananiita Daftari. Nikalinakili tangazo neno kwa neno, nikaenda kumwona.

Dada alinifungulia mlango. "Afadhali umekuja, kaka. Huyu anacheka tu, kilio kaniachia mimi."

Kinyonga alikuwa kwenye kochi, mguu wa kulia umefungwa plasta na kuwekwa juu ya mito miwili.

"Karibu, shemeji. Mkono wa kukupa ninao, kama una mguu wa akiba niletee."

"Ilikuwaje?"

"Pale kwenye Bati."

Bati ni jiwe pana lililolala mteremko kama paa la nyumba, chini ya mwamba wenyewe tunaopanda kwa kamba. Pale hatufungi kamba. Unapita kwa miguu, mkono ukigusa jiwe hapa na pale.

"Nimesimama kwa ncha ya kiatu, pale pa kila siku," alisema. "Mguu ukatembea ndani ya kiatu. Kiatu bado kipo, mguu umeshaondoka! Halafu nacho kikaamua kunifuata."

Dada hakucheka. "Wakiacha hilo neno uzembe kwenye faili lake, nani mwingine atamchukua? Si kampuni zote zinaulizana?"

Hapo Kinyonga naye akaacha mzaha. Nikaomba viatu vyake, nikaondoka navyo.

Viatu hivyo tuliviita viatu vya kati. Si buti za safari, wala si vile vya kubana vya kupandia mwamba. Unatembea navyo saa mbili kwenye njia ya matope, kamba mgongoni, kisha vikushikilie juu ya jiwe. Kwa matope unataka soli yenye meno. Kwa jiwe unataka raba laini, tena chini ya kidole gumba pawe tambarare, ili raba yote ilale juu ya jiwe. Ofisi ilipoletewa sampuli tatu nilizijaribu zote, nikaandika kwamba tuchukue ya pili: meno mafupi, mbele tambarare, na kamba za kiatu zinazofika mpaka vidoleni, unalegeza ukitembea na kukaza ukifika kwenye jiwe. Meneja aliinua ya tatu. "Hiki ndicho kiatu! Meno kama trekta. Hicho chako ni cha kuendea dukani." Ikaja trekta, jozi kumi na nne, wiki tatu kabla ya ajali.

Jumanne nilikwenda Bati peke yangu. Nilichora alama ya chaki mahali alipoteleza, nikafunga kamba juu kwa usalama, nikasimama pale mara kumi kwa viatu vyangu vya zamani, ambavyo mbele vimelika vikawa tambarare. Mara kumi vilishika. Nikavaa vya Kinyonga. Kati ya mara kumi, nne viliniacha. Niliona meno ya mbele yakipinda chini ya uzito wangu, kama mtu aliyesimama juu ya vifutio vya penseli.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nimempata mwenye kosa, na ni raha kubwa kuwa na vyote viwili. Lakini meno hayakueleza mguu kutembea ndani. Miguu yangu na ya Kinyonga inalingana kabisa, tumeshaazimana viatu. Nikakaza kamba mpaka mwisho, nikajaribu kuingiza kidole nyuma ya kisigino. Kikaingia chote.

Nikarudi stoo. Mama Stoo, ambaye ndiye anayetupima na kutugawia vifaa, alikuwa akihesabu kofia ngumu.

"Mama, viatu vipya ulitupimaje?"

"Kama mlivyotaka. Jioni mkishuka, miguu imevimba, soksi nene, kidole kiingie nyuma ya kisigino."

"Nani alikuambia hivyo?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Wewe, baba. Si karatasi yako hiyo?"

Ilikuwa imegongwa misumari nyuma ya mlango. Mwandiko wangu, na mstari niliopiga kwa rula chini ya neno jioni. Niliiandika miaka mingi iliyopita kwa ajili ya buti za safari ndefu, na kwa buti ni sahihi, vidole visigonge mbele ukiteremka. Kwa kiatu cha kusimamia ncha ni hatari: hicho hupimwa asubuhi, mguu haujavimba, kibane. Juu ya karatasi nilikuwa nimeandika "Kupima viatu", basi. Sikusema viatu gani.

Nilikaa juu ya boksi. Mama Stoo akaniletea maji bila kuuliza.

Nilikwenda ofisini kumweleza meneja yote. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye karatasi, ndipo uso ukamkunjuka.

"Kumbe ni wewe!"

"Kipimo ni mimi. Kiatu ni wewe, nilikuandikia."

"Daftari, tuongee kama watu wazima. Viatu nabadilisha, hata kesho. Karatasi yako tunaichana, hakuna aliyeona. Lakini mgeni aliyekuwa nyuma yake ameandika barua, anataka jibu. Tangazo libaki. Kinyonga si ndugu yako? Mwambie apumzike msimu mmoja."

Sijui kama nimewahi kupaza sauti katika ofisi ile. Siku hiyo Mama Stoo alinisikia akiwa ng'ambo ya ua.

"Umempa mtu kiatu kibovu, kavunjika mguu, halafu unamwambia asante kwa kumnyang'anya kazi? Na mimi unanipa rushwa ya kunyamaza kwa kosa langu mwenyewe?"

"Punguza sauti."

"Nimeipunguza miaka yote hiyo!"

Nilikuwa na jibu la kumpa mgeni tayari, ukurasa mmoja: kiatu kilichaguliwa na nani, kipimo kiliandikwa na nani, mara nne kati ya kumi. Jina langu lilikuwa chini. Nikamwambia asaini pembeni yangu, abandue tangazo na arudishe kitambulisho, au kesho hakuna atakayewapitisha wageni Bati kwa viatu vile, maana nimeshawaonyesha wenzangu kidole kinapoingia.

Alisaini saa kumi jioni. Alinikalisha kwenye korido tangu saa sita, na kalamu aliniambia niazime kwa mhudumu.

Nilimpelekea Kinyonga nakala na kitambulisho chake. Alisoma polepole, akafika kwenye jina langu, akasita.

"Kwa hiyo hata wewe?"

"Hata mimi."

"Ningekupiga teke, shemeji, lakini ndiyo hivyo tena."

Dada akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mimi sikuweza. Nilipiga magoti nikamvua soksi nene mguu wa kushoto, nikamvisha nyembamba, nikachora unyayo wake kwenye karatasi mpya, na juu yake nikaandika ni wa kiatu gani.

"Na huu mwingine?" akauliza, akigonga plasta.

"Huo tutaupima ukitoka kwenye plasta," nikasema. "Asubuhi."