Kambare Mkiani mwa Ndege

Uzio wa kambi ya jeshi la anga una pembe moja tamu. Ukisimamisha ngazi yako hapo, ndege zinakata kona mbele ya pua yako kabla ya kuruka, rubani unamwona hadi nyusi, na siku ikiwa safi Mlima Fuji unasimama nyuma yake bila kuombwa. Wapiga picha wa uzioni wana sheria yao kuhusu pembe hiyo: anayeikalia mwaka mzima ni yule ambaye picha yake imechaguliwa kuwa jalada la kalenda ya chama chao. Wengine hupanga ngazi zao kuufuata uzio, kila mtu kwa heshima yake, mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, ambako kuna nguzo ya umeme inayoikata kila picha vipande viwili. Hapo kwenye nguzo ndipo alipopangiwa Daktari Orikasa Kikue.

Huyu mama alikuwa daktari wa meno. Nusu ya mji ule imetafunia kazi ya mikono yake. Alipostaafu, vyombo vyake havikustaafu naye. Alivihamishia chumba cha nyuma, vile visindano, vikwangulio na vimashine vya kusugulia, akaanza kuvitumia kuunda ndege za plastiki, ndogo mara arobaini na nane kuliko zenyewe. Alikuwa hodari, na alijua kuwa ni hodari, na hilo la pili ndilo lililomtia matatani.

Maana siku ya kwanza kwenda uzioni alibeba moja kama zawadi ya kujitambulisha. Mwenyekiti wa chama, Bwana Nakagome, aliyekuwa muuza magodoro na mwenye pembe miaka nenda miaka rudi, aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota samaki aliyeoza.

"Daktari, hapa hatuchezi na vidoli," alisema, na kila mtu alisikia. "Jicho la mtu wa uzioni halidanganyiki. Kitu cha bandia mimi nakijua kabla hakijafika."

Daktari Kikue alitabasamu, akainama kwa adabu, akarudi nyumbani na ndege yake. Moyoni alikuwa anachemka kama chungu cha maharage.

"Mama, umenuna mpaka chai imepoa," mumewe Genzo alimwambia jioni ile.

"Sijanuna. Nafikiri."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

"Naitaka ile pembe, Baba."

"Si uiombe."

"Siombi! Nataka yule bwana akisifie kidoli changu mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Halafu ndiyo nimwambie amesifia nini."

Genzo aliyatazama majani ya chai kwenye kikombe, akaona hayana ushauri wowote. Akanywa.

Nafasi ilijileta yenyewe. Kikosi cha pale kambini kilikuwa kinakaribia sherehe yake, na kila mtu alijua kwamba katika banda moja lililofungwa milango, ndege moja inapakwa rangi maalumu ambayo haitaonyeshwa mpaka siku yenyewe. Watu wa uzioni hawalali kwa jambo kama hilo. Wa kwanza kuipiga picha ndege ya siri anasemwa kwa heshima mpaka kaburini. Walikisia joka, walikisia jani la chai, walikisia Mlima Fuji. Daktari Kikue hakukisia. Alikaa chumba cha nyuma akaunda ndege ya kijivu, na mkiani akachora kambare mwekundu, mkubwa, mwenye macho ya dharau na sharubu zilizopanda mpaka ncha ya juu. Kambare ndiye samaki wa mji ule. Wazee wanasema akijigeuza chini ya ardhi, nyumba zinatikisika.

Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumdanganya yule anayeangalia picha, na hiyo inataka roho ya wizi. Nyuma ya nyumba yao kuna tuta la shamba lao la chai, na kutoka pale barabara ya ndege inaonekana ng'ambo ya uzio, pamoja na mabanda na mlima. Daktari Kikue aliweka kreti mbili za bia, juu yake ubao alioubandika msasa wa kijivu na kuuchora mistari ya njano, na juu ya ubao ndege yake. Kamera akaishusha, akaishusha, mpaka ikawa kwenye kimo cha macho ya mtu asiyezidi kidole, na ukingo wa ubao ukalala sawasawa juu ya barabara ya kweli kule mbali. Macho hayakuweza tena kusema msasa unaishia wapi na lami inaanzia wapi. Tundu la lenzi akalibana kabisa, ili cha karibu na cha mbali vyote vitoke vikali. Jua lilikuwa lilelile moja, kwa hiyo vivuli vyote vililala upande mmoja, kivuli cha ndege na kivuli cha banda.

"Mwavuli, Baba. Upepo unalitikisa bawa."

"Nimeushika."

"Na birika."

"Mama, mimi nina mikono miwili tu."

"Birika likae nyuma ya mkia, mvuke upande taratibu. Injini ikiwaka, hewa ya nyuma inachezacheza. Bila hivyo watajua."

Genzo alipiga magoti kwenye umande, mwavuli mkono huu, birika la moto mkono ule, akiwa amejificha nje ya picha. Mkewe alishika pumzi. Kisha akaachia na kutoa neno ambalo madaktari hawalisemi mbele ya wagonjwa.

"Nini tena?"

"Sisimizi. Kapanda kwenye bawa. Kwa kipimo hiki ana ukubwa wa mbwa."

Walimngoja sisimizi amalize matembezi yake, wakalipuliza vumbi, maana chembe moja ya vumbi pale ni jiwe la kumkwaza rubani, na picha ikapigwa.

Mkutano wa kalenda hufanyika mara mbili katika ukumbi wa mtaa: mara ya kwanza watu huonyesha picha, wiki inayofuata hupiga kura. Walivua viatu, wakakaa kwenye mikeka kuizunguka meza fupi yenye machungwa, na picha zikaanza kutandazwa. Daktari Kikue alisubiri wengine wamalize. Kando ya goti lake lilikuwa boksi, na ndani ya boksi alikuwamo kambare.

Alipoiweka picha yake mezani, Bwana Hirukawa, mwenye mgahawa wa tambi, alisahau chungwa mdomoni.

"Daktari! Hii umeipata wapi?"

"Si mbali na nguzo yangu," alijibu, na kwa hakika shamba lao haliko mbali na ile nguzo.

"Ndiyo yenyewe! Ndege ya siri! Tazama joto la injini linavyocheza!"

Daktari Kikue alimgeukia mwenyekiti kwa sauti ya asali. "Bwana Mwenyekiti unaionaje?" Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kifuniko cha boksi. Neno moja tu la sifa, na angekifungua, wacheke wote, mambo yaishe.

Lakini Bwana Nakagome hakuwa mtu wa kukubali kupitwa. Mtu anayeshinda uzioni toka asubuhi mpaka jioni angesemaje kwamba ndege nyekundu mkiani imepita na yeye hakuiona? Alikohoa kidogo.

"Ah. Hii," alisema. "Hii niliiona mimi. Jumanne."

"Jumanne?" Daktari Kikue aliuliza.

"Jumanne. Ikitua."

"Kumbe ndiyo ile!" Hirukawa akadakia. "Mimi niliisikia nikiwa jikoni. Nikasema, mbona leo ngurumo si ya kawaida, ina uzito fulani hivi?"

Na wengine wakaanza. Huyu aliona mkia tu, yule aliona wekundu mawinguni akadhani ni jua. Mzee Mochizuki peke yake, aliyezoea kupiga picha za ndege na kunguru kwa pamoja, aliendelea kumenya chungwa lake na kusema yeye hakuona kitu.

"Hata picha ninayo," Bwana Nakagome alimaliza, akiwa amenogewa. "Sikuileta tu kwa kuheshimu siri ya jeshi."

"Maadamu siri imeshatoka," alisema Daktari Kikue, "tuletee wiki ijayo, siku ya kura. Tujifunze."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bwana Nakagome alisema ataileta. Daktari Kikue akauondoa mkono kwenye kifuniko.

Njiani Genzo ilibidi asimamishe gari apanguse machozi. "Kwa nini hukufungua boksi, wewe mwanamke?"

"Baba, mtu akikuambia ana picha ya ndege iliyolala kabatini kwako, hutataka kuiona?"

Wiki ile ilitokea ajabu uzioni. Ngazi ya Bwana Nakagome ilisimama kwenye pembe yake, tupu, siku baada ya siku. Watu walidhani anaumwa, Hirukawa akampelekea tambi, na akarudi akisema mwenyekiti alizipokelea mlangoni kwa upenyo mdogo kabisa, na ndani mlikuwa na harufu kama ya duka la rangi.

Siku ya kura alikuja na macho yamemvimba. Kidole gumba kilikuwa na plasta na kucha zilikuwa na wekundu. Aliweka picha mezani bila hotuba, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

Ilikuwa ndege ya kijivu ikitua, kambare mwekundu mkiani. Watu waliguna kwa heshima. Daktari Kikue aliinama akaisoma kama anavyosoma mdomo wa mgonjwa. Tumboni, toka puani mpaka mkiani, ulipita mshono wa plastiki pale vipande viwili vilipounganishwa, haukusuguliwa hata kidogo. Sharubu za kambare zilikuwa nene kama tambi za Hirukawa. Na kwenye kioo cha rubani palikuwa na alama ya kidole kilichogusa gundi, kidole ambacho kwa kipimo kile kilikuwa cha jitu.

Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakizuia. Halafu kikamjia kitu kingine ambacho hakukitarajia, akamwonea mzee yule huruma, na zaidi ya huruma, akafurahi. Ule wekundu alikuwa ameuchanganya vizuri, ukweli lazima usemwe. Mtu aliyeuza magodoro maisha yake yote alikuwa amekaa chini wiki nzima, akajikata, akajipaka, akahangaika na kidude cha kukaa kiganjani.

Kura zikapigwa kwa mikono. Picha zile mbili zikatoka sare, na kwa sheria ya chama, sare huamuliwa na mwenyekiti. Bwana Nakagome aliitazama picha ya Daktari, akaitazama yake, akarudi tena kwenye ya Daktari, akakaa hapo muda mrefu.

"Ya Daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Yangu mwanga haukukaa vizuri. Ya Daktari ni ndege hasa."

Wakapiga makofi. Pembe ilikuwa yake! Genzo alimfinya mkewe kiwiko: chukua, tunyamaze, twende nyumbani. Na angeweza kunyamaza.

"Na huyu rubani ni fundi kwelikweli," Hirukawa alisema, akigonga picha kwa kidole. "Hebu oneni alivyoikata hiyo kona!"

Hilo lilimchoma. Kila mtu alikubali, rubani ni fundi, injini ni safi, jeshi limejitahidi. Pumzi zote alizoshika, sharubu zile alizochora kwa brashi ya unywele mmoja, vyote amepewa rubani asiyekuwepo. Pembe aliitaka, tena aliitaka sana, lakini alitaka zaidi watu wajue ni mkono wake.

Akaliweka mezani lile boksi, alilokuja nalo tena, akalifungua.

"Rubani huyu hapa," alisema. "Mrefu kama punje ya mchele. Na ndege ndiyo hii, iko moja tu, inalala kwangu."

Hirukawa aliangalia mkeka kana kwamba kuna kitu amekidondosha. Mzee Mochizuki akaanza kutikisika mabega.

"Basi ile ngurumo, Hirukawa," alisema, "ilikuwa tumbo lako."

Ukumbi ukaangua kicheko, wengine kwa furaha, wengine kwa kukosa pa kujificha. Walipotulia, sheria ikakumbukwa: kalenda ni ya ndege zinazoruka. Picha zote mbili za kambare zikawekwa kando, na jalada likaenda kwa Mzee Mochizuki, aliyefuatia kwa kura, kwa picha yake ya ndege ya mizigo na kunguru, na pembe ikaenda naye. Daktari Kikue akapiga hesabu yake. Mwaka mzima mwingine wa kuipiga picha nguzo.

Ndipo mtu mmoja akauliza lile ambalo kila mmoja alikuwa amelifikia kimyakimya. "Sasa kama ndege ni moja tu, na ilikuwa kwa Daktari... ile ya Mwenyekiti ni ipi?"

Wakageuka wote kumtafuta. Bwana Nakagome hakuwepo mahali pake. Alikuwa ameizunguka meza kwa magoti, miwani ameipandisha kipajini, pua yake karibu iguse tumbo la ndege ya Daktari. Hakuwasikia hata kidogo. Alipitisha macho toka puani mpaka mkiani, akarudia, akatafuta mshono asiuone.

"Daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya jambo hilo moja. "Huu mstari wa katikati. Umeuondoaje?"

Daktari Kikue alisogea akampisha nafasi kwenye mkeka.

"Kwa kile kimashine nilichokusugulia meno," alimjibu. "Njoo kwangu Jumapili nikufundishe. Ila safari hii, Bwana Nakagome, mdomo utaufunga."