Jua Alilosikilizishwa Baba

Baba alikuwa fundi wa madishi ya televisheni kwa miaka ishirini na sita. Kisukari kilimchukua macho kwanza, kisha figo, na daktari akamwambia mama tumrudishe nyumbani tukae naye.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, fizikia, kazi bado. Siku moja nikiwa namlisha uji aliniambia, "Unajua ninachokikosa? Si sura zenu, hizo ninazo kichwani. Nalikosa jua. Joto lake nalisikia, lakini hata jiko lina joto."

Hapo nikapata wazo. Jua hutoa mawimbi ya redio, na dishi la televisheni linaweza kuyanasa. Stoo kulikuwa na dishi lake la zamani lenye kichwa kizima, kile kidude cha mbele kinachopokea mawimbi, pamoja na kile kipimo chake kidogo cha kutafutia satelaiti, chenye mshale na mluzi. Mawimbi yakizidi, mluzi unapanda. Nilihitaji betri na waya tu.

"Nitakusikilizisha jua, Baba."

Alicheka hadi akakohoa. "Miaka minne chuoni, umerudi kuchezea madishi! Si ungeniambia, Profesa, nikufundishe hapahapa kibarazani?"

Kesho yake saa kumi alasiri nilimkalisha kwenye kiti cha kibarazani, nikafunga dishi kwenye kigingi uani. Nililielekeza usoni mwa jua, uso kwa uso, kama vitabu vilivyonifundisha kuhusu vioo. Kipimo kikanyamaza. Nikakaza waya, nikabadilisha betri. Kimya. Nusu saa nzima nilihangaika huku Baba ameshika kipimo mapajani kwa mikono miwili.

Kwa hasira nikalisukuma dishi pembeni na chini. Mluzi ukapanda.

"Ndilo hilo!" nikapiga kelele.

Baba aliinua mkono ninyamaze. Aliinamisha kichwa, midomo wazi. Machozi yakamtoka katika yale macho yasiyofanya kazi. "Kumbe nalo linaongea," akasema. "Mama watoto! Njoo usikie!"

Ndipo nikatazama dishi lilikoelekea. Lilikuwa limeukabili ukuta wa ghorofa ya jirani. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi kidogo, hata tofali. Baba alikuwa analilia ukuta.

"Hukupata shida kulilenga?" akaniuliza.

Nilimtazama uso wake, nikaona siwezi kumnyang'anya jua lake.

"Hapana, Baba. Ni waya tu ulilegea."

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Siku tisa baadaye tukamzika.

Baada ya msiba alikuja Ngazi, mwenzake Baba wa kazi, anayeitwa hivyo kwa urefu wake. Alinikuta uani nimelielekeza tena dishi kwenye jua, kipimo kimya.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Jua, baba mdogo."

"Sasa jua liko pale, wewe unatafuta utosini!" Alilishika dishi kwa kiganja kimoja. "Madishi haya hayatazami mbele ya uso wake. Kichwa kimekaa chini, kwa hiyo linaona juu zaidi. Unaliinamisha, kama mtu anayeona haya."

Akaliinamisha taratibu. Mshale ukaruka, mluzi ukapanda, mkali na safi, kuliko ule wa siku ile. Alipolisogeza upana wa kidole, sauti ikaanguka. Aliporudisha, ikarudi.

"Baba yako ndiye aliyenifundisha hili, siku yangu ya kwanza kazini," Ngazi akasema. "Angelilenga hata usingizini. Tena nilipokuja kumwona wiki ile ya mwisho hakuwa na habari nyingine. 'Mwanangu amenisikilizisha jua, mwanangu amenisikilizisha jua!' Nikajua mlikaa naye hapa, akakuelekeza."

Nikautazama ukuta wa jirani. Ngazi akanigeukia.

"Hakukuelekeza?"

"Nilikuwa nimelenga ukuta, baba mdogo. Akaniuliza kama nilipata shida. Nikamwambia hapana."

"Lakini alikuwa amekaa hapo kibarazani."

"Alikuwa amekaa hapo."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Ngazi aliliacha dishi. Alikaa chini juu ya mchanga, akaikunja miguu yake mirefu, akaniita kwa mkono nikae naye. Jua lilikuwa linasogea, na mluzi ukaanza kushuka kidogo kidogo. Hakuna kati yetu aliyeinuka kulifuata.