Radhi ya Shangazi Lesieli

Lesieli alijitoa kwenye grupu la ukoo siku ileile Silia alipotuma kichekesho cha bwana harusi na kitanda. Kichekesho chenyewe kilikuwa kitamu, na angekisikia peke yake angecheka mpaka mbavu zimuume. Lakini mle ndani alikuwamo Folau, baba yake Silia, na Folau ni kaka yake. Kwa mila yao kaka na dada hawasikii maneno ya kitandani pamoja, hata mmoja akiwa kisiwani Vava'u na mwingine ng'ambo, Auckland. Silia, aliyezaliwa huko ng'ambo, alidhani grupu ni simu tu. Shangazi yake aliliona ni chumba, na ndani ya chumba hicho alikuwa ameaibishwa mbele ya kaka yake.

Miezi minane hakusema na Silia. Aliombwa msamaha mara tatu kwa maandishi, na vikatuni vya mioyo juu yake. Mioyo! Lesieli alisonya.

Jumamosi asubuhi alikuwa anasuka mkeka, mkwewe Pisila akaingia mbio, simu mkononi.

"Mama, Silia yuko leba tangu juzi. Mtoto hatoki. Anakutaka wewe."

"Kwani mimi mkunga?"

"Mama jamani! Anasema amefungwa na kinyongo chako."

Mikono ya Lesieli ikasimama. Hasira alikuwa nayo, ndiyo, lakini mabaya hakuwahi kumtakia. Na kinyongo cha shangazi hufunga uzazi. Hilo alilijua tangu utotoni. Hofu ikamshika.

"Nirudishe humo," alisema.

Pisila akamrudisha kwenye grupu. Ukoo mzima ulikuwa hewani kwa video: Auckland, Sydney, Salt Lake, watu sabini na wawili, nyuso ndogondogo zimejaa kioo, wengine wanaimba tenzi kwa sauti ya chini. Lesieli akashika kifua. Tangu mama yake azikwe hakuwa amewaona wote pamoja, na leo wote walikuwa kiganjani mwa Pisila.

"Shangazi," Silia alisema, uso umelowa jasho. "Nilikukosea. Nipe radhi."

Lesieli alijua radhi haitolewi nusu. Lazima kosa litajwe. Na angelitajaje, Folau akisikia?

Ndipo maandishi yakatokea chini ya kioo: *Folau ametoka.* Baba mtu, bintiye yuko kwenye uchungu, ameondoka ili dada yake apate kusema. Kisha *Semisi ametoka.* Kisha kaka mwingine, Paula, kisha Mosese, mmoja baada ya mwingine, kila mwanamume anayemwita Lesieli dada, kutoka nchi nne. Hakuna aliyewaambia. Lesieli alitazama majina yakipungua. Heshima aliyodhani imefia ndani ya simu ilikuwa inatembea humo kwa miguu yake.

"Mjinga wewe," alimwambia Silia. "Kile kichekesho cha kitanda nilikijua kabla mama yako hajazaliwa. Na umekisimulia vibaya!"

Wanawake wakaangua kicheko. Silia naye akacheka, akalia, akacheka tena.

"Nimekusamehe, mwanangu. Sina kitu moyoni. Haya, sukuma."

Zikapita dakika arobaini. Hakuna aliyekata simu, hakuna aliyeimba. Halafu sauti nyembamba, yenye hasira, ikajaa nyumba ya Lesieli toka ng'ambo ya bahari. Pisila akapiga magoti.

"Wa kike!" mkunga akasema. "Mzima!"

Waliobaki wote walikuwa wamekisikia kilio kile, lakini Folau, babu wa mtoto, hakukisikia.

"Mrudisheni kaka yangu," Lesieli alisema. "Mrudisheni upesi!"

Folau akarudi. Hakuonyesha uso, simu yake ilionyesha dari tu.

"Mwambieni kaka yangu amepata mjukuu," Lesieli alisema.

"Mwambieni dada yangu," sauti ya mzee ikajibu, "jina ni lake kutoa."

Lesieli akataja jina la mama yao. Ile picha ya dari ikaanza kutikisika, ikatikisika kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia Folau ashike simu vizuri.