Mia Moja Ishirini na Saba

Wendell Brandvold alituma maombi kumi na moja kwa mpigo mmoja, Jumatano mchana, halafu akainuka kwenye kiti cha maktaba akajinyoosha kama mtu aliyetoka kupasua kuni za mtaa mzima. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Iowa nzima ilikuwa imelala chini ya blanketi jeupe, nayo, kwa maoni ya Wendell, ilikuwa haijui imemlea nani.

Aliyoyaomba ni yale makambi ya hesabu ya kiangazi. Kila mwaka vyuo vikuu kadhaa huchagua wanafunzi wanane au kumi kutoka nchi nzima, vikawapa chumba, posho na swali ambalo hakuna aliyewahi kulijibu, kisha vikawaacha wahangaike nalo wiki nane. Anayetaka kuwa mwanahisabati lazima apite huko, ama sivyo ajiandae kueleza kwa nini hakupita. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, ule wa mwisho, hapokelewi. Wendell alikuwa mwaka wa tatu, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Alipokuwa mwaka wa pili hakuomba, kwa kuwa aliamini mtu wa aina yake haombi; hufuatwa.

Hakufuatwa.

Akikosa, kulikuwa na mahindi. Tangu akiwa na miaka kumi na minne, kila Julai Wendell alifanya kazi ya kung'oa mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mhindi, kwenye mashamba ya mbegu. Mistari ya mahindi majike lazima ing'olewe mbelewele zote kwa mkono kabla hazijamwaga chavua, na ikibaki hata moja, mkaguzi hukunja uso. Sasa alikuwa kiongozi wa kikosi. Alijulikana kwa jicho lake: wenzake wakishamaliza mstari, yeye hupita nyuma yao, huipata ile moja iliyosahaulika, huinyanyua juu na kupiga kelele, "Moja inatosha kuharibu!" Hakuna aliyempenda kwa hilo. Kiangazi hiki kingekuwa cha saba, naye alishamwambia baba yake kwamba hatarudi.

"Umeshaitwa?" baba yake aliuliza kwenye simu.

"Bado, baba. Lakini nimepiga hesabu."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kila kambi huchukua kama mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo uwezekano wa kukataliwa na moja ni tisini kwa mia, na wa kukataliwa na zote kumi na moja ni tisini kwa mia ya tisini kwa mia ya tisini kwa mia, mara kumi na moja. Ukimaliza kuzidisha, unabaki na kama thelathini na moja kwa mia. Yaani Wendell, hata angekuwa mtu wa kawaida, alikuwa na karibu sabini kwa mia za kuitwa mahali. Na hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa na Dhana ya Brandvold.

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta Odalys Cantú bwaloni, bakuli la nafaka mbele yake na kofia ya sufu bado kichwani. Odalys alikuwa mwaka wa tatu kama yeye, binti wa wazazi waliokutana kwenye kiwanda cha nyama mji wa jirani, na ndiye mtu pekee katika darasa lao ambaye Wendell alimwogopa. Hilo la kuogopa alikuwa hajalikiri hata kwa mto wake wa kulalia.

"Nimetuma," alisema, akiweka sinia lake. "Kumi na moja."

"Mimi manne," Odalys alisema. "Kwenye insha umeandika nini? Maana naona umevimba kama mkate."

"Nimewapa ugunduzi."

"Yesu wangu. Haya, nipe na mimi."

Wendell alishusha sauti, ingawa meza ya jirani ilikuwa ya wacheza mieleka waliokuwa wakibishana juu ya mayai. "Kila namba witiri iliyo kubwa kuliko moja ni jumla ya namba mbili. Ya kwanza ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ya pili inatoka kwenye msururu huu: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, unaendelea kuzidisha kwa mbili. Chukua ishirini na tatu. Kumi na tisa na nne. Hamsini na moja je? Arobaini na saba na nne. Haishindwi, Odalys. Niliiona nikiwa katikati ya mahindi."

"Umeithibitisha?"

"Ni dhana. Dhana haithibitishwi, hutangazwa."

"Umeijaribu hadi ngapi?"

"Mia moja na moja. Kwa mkono, moja moja."

"Kwa nini mia moja na moja?"

Kwa sababu karatasi iliishia hapo. Kompyuta ingejaribu milioni nzima kabla hajapiga chafya, lakini Wendell aliona kompyuta ni za watu wasio na maono. "Mtindo ulikuwa umeshajionyesha," alisema.

Odalys alivuta karatasi ya kufutia midomo, akatoa kalamu kwenye nywele zake, akaanza mia moja na tatu, huku akitafuna. Wendell alimtazama kwa huruma. Alikula yai. Alianza kufikiria atakavyomshukuru kwenye hotuba, kwa kifupi, karibu na mwisho.

Kalamu ikasimama.

"Wendell, hebu fanya wewe mia moja ishirini na saba."

"Rahisi. Toa moja, mia moja ishirini na sita, inagawanyika. Toa mbili, mia moja ishirini na tano, tano hiyo. Toa nne, mia moja ishirini na tatu, tatu hiyo. Toa nane, mia moja kumi na tisa. Haya! Hiyo ni tasa."

"Saba mara kumi na saba."

"Toa kumi na sita. Mia moja kumi na moja."

"Tatu mara thelathini na saba."

"Thelathini na mbili. Tisini na tano. Tano." Aliweka uma chini. "Sitini na nne. Sitini na tatu."

Sitini na tatu ipo kwenye jedwali la kuzidisha la watoto wa darasa la tatu. Baada ya hapo msururu unafika mia moja ishirini na nane, inayoizidi namba yenyewe, na mambo yameisha.

"Bwana mkaguzi," Odalys alisema taratibu, akivua kofia yake kama mtu aliye msibani, "ile kelele yako ya shambani ilikuwa inasemaje vile?"

Wendell alilisogeza sinia lake kando.

"Moja inatosha nini, mheshimiwa?"

"Kuharibu," alisema Wendell.

"Na umepeleka makambi yote kumi na moja?"

"Insha ileile."

"Basi na ile sabini kwa mia uliyokuwa ukinitambia wiki nzima nayo imekwenda. Ulizidisha kana kwamba kila kambi linarusha shilingi yake peke yake. Wote wanasoma karatasi moja, bwana. Ikizama, umezama mara kumi na moja."

Kabla ya saa nne alikuwa maktaba, akitafuta mahali ambapo dunia imekosea na yeye yuko sahihi. Alichokipata ni kwamba Mfaransa mmoja alishatangaza jambo hilohilo katikati ya karne ya kumi na tisa, kwa majivuno hayohayo, naye akaanguka. Wendell alilisoma mara tatu. Hata kosa lenyewe halikuwa lake.

Profesa Marguerite Tvedt, aliyemwandikia barua ya mapendekezo, alikuwa akila karoti ofisini, viatu vya theluji vikichuruzika maji juu ya gazeti. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kutafuna.

"Kwa nini hukunionyesha hiyo insha?"

"Nilitaka iwe mshangao, Profesa."

"Itakuwa." Aliweka karoti chini. "Sikiliza. Tovuti imeshafungwa, lakini kila kambi lina anwani. Waandikie leo. Mistari miwili. Sema ulichodai si kweli na useme kwa nini."

"Je, wasiposoma insha? Kuna watu mia nne wanaomba. Huenda nikijifichua ndipo..."

"Huenda. Wakisoma watajua hukujaribu vya kutosha. Usipoandika, mimi nitajua ulijua. Nani aliyeiona hiyo mia moja ishirini na saba?"

Wendell alitazama viatu. "Mimi... tulikuwa tunajadiliana."

"Wendell."

"Odalys Cantú."

"Basi jina lake liwemo. Kwetu aliyevunja dai hutajwa, kama aliyelijenga. Wewe unajua hilo."

Alijua. Alirudi bwenini akaandika rasimu ya kwanza, iliyoanza, "Nina furaha kuwatangazia kwamba nimegundua mpaka wa dhana yangu." Aliisoma kwa sauti, akasikia aibu hata mbele ya kabati. Rasimu ya pili ilikuwa kurasa mbili na ilimtaja yule Mfaransa kama ndugu wa damu. Ya tatu ililaumu ukubwa wa karatasi. Ilipofika saa kumi alasiri alikuwa na mistari miwili: *Dai lililomo katika insha yangu si kweli, 127 inalikanusha. Aliyeiona ni mwanafunzi mwenzangu, Odalys Cantú.* Jina hilo lilimchukua muda mrefu kuliko maneno mengine yote. Alilichapa kama mtu anayetembea peku juu ya barafu. Kisha akatuma, mara kumi na moja.

Majibu yalianza kuja mwisho wa Februari. Yote yalikuwa na adabu ileile: waombaji walikuwa wengi, wenye sifa walikuwa wengi, uamuzi ulikuwa mgumu. Wendell alianza kujiuliza kwa nini maamuzi hayo magumu yote yanaishia kwenye jibu lilelile. Makambi tisa yalikataa. Moja lilinyamaza na mpaka leo limenyamaza. La kumi na moja, la Oregon, ambalo ndilo alilokuwa akiliota, lilimwandikia kwamba yuko kwenye orodha ya akiba, wa kwanza. Chini, mtu alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: *Asante kwa sahihisho. Hatupati mengi.*

Alimkimbilia Odalys na simu mkononi, theluji ikimwingia viatuni. Alimkuta chumba cha hesabu, mbele ya ubao.

"Wa kwanza kwenye akiba! Akijitoa mmoja tu, nimeingia!"

Odalys hakufurahi kama alivyotegemea. Alikuna kichwa kwa chaki.

"Keti, kaka."

"Kuna nini?"

"Oregon wameniita mimi. Na Indiana pia. Mwisho wa kujibu ni kesho kutwa." Alipumua. "Yule profesa wa Oregon kanipigia simu. Anasema jina langu alilijua kabla hajafungua faili langu. Eti lilikuwa kwenye barua ya mtu."

Wendell alikaa. Akafanya hesabu, na safari hii hakuhitaji karatasi. Odalys akichagua Indiana, nafasi ya Oregon inakuwa yake. Akichagua Oregon, yeye ni mahindi.

"Sema basi," Odalys alisema. "Najua unataka kusema kitu. Uso wako uko wazi kama mlango wa duka."

Alikuwa na maneno tayari. Indiana ni karibu na nyumbani. Indiana wana chakula kizuri, inasemekana. Mama yake Odalys angefurahi. Yote aliyaona yakijipanga nyuma ya meno yake, yamevaa vizuri, yanasubiri kutoka.

"Swali la Indiana ni lipi?" aliuliza.

"Hesabu za mafundo ya kamba. Sijui lolote juu ya mafundo."

"Na la Oregon?"

"Namba." Alicheka kidogo. "Namba zinazokataa."

Wendell alitazama ubao. Ulikuwa umejaa mwandiko mdogo wa Odalys, wa mtu anayejaribu hadi mwisho, asiyeishia pale karatasi inapoishia.

"Nenda Oregon," alisema. Na kwa kuwa hakuweza kuwa mwema kwa dakika nzima, akaongeza, "Indiana wasingekuweza, na mimi nisingeingia kwa makombo yako. Nina heshima yangu."

"Heshima!" Odalys alimrushia kipande cha chaki, kikampata sikioni. "Heshima ya mia moja na moja!"

Odalys aliwajibu Oregon jioni ileile. Wendell alisubiri hadi mwisho wa Machi mtu mwingine ajitoe, avunjike mguu, aoe, apate wito wa dini. Hakuna. Alimpigia baba yake.

"Umeitwa?"

"Nimeitwa na wewe, baba. Mpigie yule wa mashamba, mwambie kiongozi wa kikosi amepatikana."

Baba yake alicheka hadi akakohoa, halafu akasema buti za Wendell ziko nyuma ya friza, pale alipoziacha.

Wiki ya pili ya Julai, asubuhi yenye umande unaolowesha hadi kiunoni, Wendell alikuwa katikati ya mstari, mikono imefungwa tepu hadi kwenye viwiko ili majani yasimkate, simu ilipotikisika mfukoni. Ilikuwa picha kutoka kwa Odalys. Ubao mrefu, na juu yake, kwa herufi kubwa, NAMBA ZA BRANDVOLD. Chini yake: 127, 149, 251, 331, 337, 373, 509, zikiendelea hadi ukingoni mwa picha. *Huku ndivyo tunavyoziita,* Odalys aliandika. *Kila mtu anauliza Brandvold ni nani. Nawaambia ni mkaguzi. Mia moja arobaini na tisa ijaribu mwenyewe, mvivu wewe.*

Jina lake lilikuwa ubaoni Oregon, kama alivyoapa lingekuwa. Lilikuwa juu ya orodha ya kila namba iliyomkatalia. Alisimama akicheka peke yake kama mwehu, akianza kutoa moja, kutoa mbili, kutoa nne, huku miguu ikitembea na mikono ikinyofoa bila yeye kuwepo.

"Kiongozi!" msichana mmoja wa kikosi alipaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa amenyanyua mkono juu, na mkononi alikuwa ameshika mbelewele ndefu, yenye afya, aliyoitoa kwenye mstari wa Wendell. "Kiongozi, hii ya nani?"

Kikosi kizima kilisimama. Walikuwa wamesubiri miaka mingi.

"Semeni basi," alisema Wendell.

Wakasema, wote kwa pamoja, hadi kunguru wakaruka upande wa pili wa barabara.