Saa Isiyo na Mishale

Mbaruku alikuwa fundi saa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na ungemuuliza mwenyewe angekwambia yeye ndiye fundi saa wa mwisho mwenye akili timamu Bongo nzima. Mkewe Fatuma angekubaliana naye kwenye hilo la kuwa wa mwisho.

Kimeza chake kilikaa kwenye baraza la duka la vitenge, na zamani watu walipanga foleni pale. Halafu ikaja miaka ya ruksa, kila mtu aagize atakacho, mizigo ya Dubai ikamwagika Kariakoo kama maji, na humo ndani zikaja saa za plastiki zisizo na mishale, namba tupu zinawaka kijani. Mtu ananunua, ikifa anatupa, ananunua nyingine. Aliyemletea Mbaruku saa ya namna hiyo alirudishiwa palepale, imeshikwa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii si saa, hii ni kalkuleta," Mbaruku anasema, na watu wa barazani wanacheka, na yeye anajiona bingwa.

Ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba hakujua kuzisoma. Shule aliishia darasa la pili. Saa alijifunza kwa kutazama mishale inavyolala: mshale mfupi ukilala kushoto, asubuhi, hiyo saa tatu, ukisimama wima juu, saa sita. Zile namba za Kizungu zilizoandikwa pembeni, kwake zilikuwa pambo tu, kama maua kwenye sahani. Na miaka arobaini mkate ulipatikana, hakuna mteja aliyerudi kumuuliza maua yanasemaje.

Sasa, binti yake Kijakazi alikuwa anakata tiketi za basi la Tanga, basi la Mzee Harilal. Mume wa Kijakazi alishafariki, watoto wawili wapo, na kwa kuwa saa za plastiki zilishamfukuza baba yake sokoni, nyumba nzima pamoja na fundi mwenyewe ilikuwa inakula kwa mkono wa binti huyo. Mzee Harilal alikuwa na ofisi mbili, moja Posta na moja Kariakoo. Siku zote viti viliandikwa kwenye daftari na mambo yalienda. Lakini mtoto wake Vivek akarudi kutoka masomoni India na kompyuta mbili kubwa, moja kila ofisi, anaziita seva. Kila seva ina saa yake ndani ya tumbo. Ukikata tiketi, seva inaandika umekata saa ngapi. Ikifika saa kumi jioni zinapigiana simu, zinalia kama paka aliyebanwa mkia na mlango, zinalinganisha. Kiti kimoja kikiwa kimeuzwa kote kuwili, anayekipata ni yule aliyekatiwa kwanza kwa mujibu wa saa. Mwenzake anaambiwa pole.

Na kila siku, pole ilikuwa ya Kariakoo. Wiki mbili mfululizo abiria wa Kijakazi wanafika na mabegi yao, wanaambiwa kiti kina mtu wa Posta, wanarudi dirishani kwa Kijakazi kumtukana hadi ukoo. Vivek akaona labda mama huyu anawakatia jamaa zake kwanza halafu tiketi anaziingiza baadaye. Hakuwa na ubaya, alimwita kwa heshima, akamwambia hali ikiwa hivi mpaka Ijumaa ataweka mtu mwingine.

Kijakazi alimweleza baba yake asubuhi, anamimina chai. Mbaruku akaweka kikombe chini.

"Kumbe ugomvi wenyewe ni wa saa? Na mimi nimekaa hapa?"

"Baba, hii ya kompyuta."

"Saa ni saa, mwanangu. Hata ikiwa ndani ya tumbo la ng'ombe."

Siku hiyo Vivek alikuwa Nairobi kufuata vifaa. Mbaruku akavaa koti lake la Idi, akaenda Posta kwa Mzee Harilal, ambaye saa yake ya ukutani, ya marehemu baba yake, Mbaruku alikuwa anaitunza tangu wote wawili wana nywele. Harilal akamsikiliza, akasema yeye hilo dude hata kuliwasha hajui, lakini kama ni habari ya saa hajapata kuona fundi mwingine, basi aende akaitazame. Mke wa Vivek, Dipti, ndiye aliyekuwa mezani. Alimwamkia shikamoo vizuri, akachungulia kioo cha seva ya Posta na kumsomea: "Saa tatu kamili, mzee." Mbaruku akaweka saa yake ya mkononi saa tatu kamili, mshale mfupi umelala kushoto, mrefu umesimama wima.

Halafu akatembea kwa miguu, akakata Mnazi Mmoja, mkono wenye saa ameubeba kifuani kama amebeba yai. Mtu akimsalimia anaitikia kwa kichwa. Alijiona kama daktari anayepeleka damu hospitali.

Kariakoo alikuta dirishani watu wamejaa. Kijakazi akamfungulia pale mashine inapouliza saa, akamwonyesha: hapa unaandika saa, hapa dakika, kisha unabonyeza hiki kikubwa. Akarudi kwa wateja wake. Mbaruku akainamia kioo. Akasoma namba moja moja kwa kidole, maana namba zenyewe anazijua, hakuwa mjinga kiasi hicho. Kulikuwa na tisa. Pembeni yake dakika.

Tisa! Asubuhi hii, jua halijafika hata utosini, mashine inasema saa tisa. Mbaruku alicheka peke yake. Kijana kasoma hadi India, kaleta mashine mbili, na hakuona kwamba moja imepotea saa sita nzima. Zile dakika hata hakuhangaika kuzilinganisha. Mtu akiletewa mgonjwa asiye na kichwa hatazami kucha. Mkononi mwake ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili. Akaandika tatu. Akaandika arobaini na mbili. Akabonyeza hiki kikubwa, akajifuta vidole kwa leso.

Dakika alizipatia barabara, tusimwonee.

Kesho yake alfajiri Vivek alikuwa amesharudi, na basi lilikuwa Mnazi Mmoja linapakia. Viti kumi na moja viligombaniwa, na vyote kumi na moja viliangukia Kariakoo. Watu wa Posta wote wamesimama chini na tiketi zao mkononi. Miongoni mwao alikuwepo Lilavati, mke wa Mzee Harilal mwenyewe, na sari yake ya hariri na boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi, anaenda harusini Tanga. Kiti chake, namba moja, amekaa Paskalina, muuza viatu vya mitumba wa Mchikichini, na gunia la viatu katikati ya miguu.

"Mama, hicho kiti ni cha mume wangu," Lilavati akamwambia.

"Basi ni lake, mama, sikatai. Kiti ni cha kompyuta."

Lilavati alienda Tanga amekaa kwenye boneti karibu na dereva, makalio yanachemka, na Vivek akaenda Kariakoo na karatasi mkononi.

Mbaruku alikuwa ameshafika ofisini hapo. Alikuja kupongezwa. Alikuwa amevaa kofia mpya, na njiani alishafikiria atakavyokataa zawadi mara ya kwanza, kisha akubali mara ya pili. Vivek akamwamkia, kisha akamgeukia Kijakazi.

"Dada, hizi tiketi zako za jana zimekatwa saa tisa na dakika arobaini na tano usiku. Saa tisa na hamsini usiku. Usiku huo ulifungua ofisi na nani?"

Kijakazi akatazama karatasi. Halafu, polepole, akamtazama baba yake. Aliona kila kitu. Karatasi akairudisha mezani. Vivek akasema yeye yuko tayari kusamehe makosa lakini si ujanja wa kurudisha saa nyuma, akanyoosha mkono aombe funguo. Kijakazi akaanza kuzichomoa kwenye pindo la kanga.

"Hiyo saa tisa umeiona wapi?" Mbaruku akauliza.

Vivek akamwonyesha kwa kalamu.

"Hiyo si tatu? Hiyo ni saa tatu."

"Tatu ya kompyuta, mzee, asubuhi bado sana. Ni saa tisa usiku. Saa tatu yetu mashine inaandika tisa."

Mbaruku akasimama hapo. Ile saa yake ya mkononi akaitazama, mshale mfupi umeelekea wapi, na pale unapoelekea pameandikwa nini. Miaka arobaini. Maua yote kwenye sahani yakaanza kusema kwa mpigo. Akaona pia kwamba akinyamaza, jina lake litatoka salama mlango ule, maana binti yake alishaamua kulibeba. Funguo zilikuwa zimeshatoka kwenye pindo.

"Vivek mwanangu, funguo mwachie," akasema. "Aliyefungua ofisi usiku ni mimi. Nilifungua asubuhi."

Akaeleza yote. Akaeleza hata lile la kutojua kusoma namba za saa, ambalo mkewe mwenyewe hakulijua, na watu wa dirishani wote wakasikia, na mmoja aliyetengenezewa saa naye wiki iliyopita akaivua akaanza kuikagua. Vivek aliuma midomo asicheke mbele ya mtu mzima. Kisha akawa makini tena.

"Hizo saa sita nimeelewa, mzee. Lakini wiki mbili za kwanza? Dada, seva unairekebisha kwa saa gani?"

"Kwa hii," Kijakazi akasema, akanyoosha mkono. "Kila asubuhi nikifungua. Kanipa baba. Haijawahi kukosea."

Vivek akaweka mkono wake wenye saa kando ya wa Kijakazi. Ya Kijakazi ilikuwa mbele dakika saba. Kwa hiyo tiketi ya Kariakoo, hata ikatwe kwanza, siku zote ilionekana imekatwa mwisho.

Mbaruku akavua kofia yake mpya.

"Hizo saba nazo ni zangu," akasema. "Alikuwa anachelewa shule. Darasa la nne. Nikamsogezea mbele kidogo, sikumwambia. Halafu nikasahau kuacha, kila nikiisafisha naiweka vilevile."

Kijakazi hakuvumilia, akacheka mpaka akaegemea seva, Vivek naye akaangua kicheko. Jioni Mzee Harilal aliposimuliwa, alicheka mpaka akavua meno ya bandia akayatia mfukoni asiyavunje.

Kazi ikabaki ya Kijakazi. Vivek akaipanga seva ya Kariakoo iwe inapiga simu yenyewe kila alfajiri, inaiuliza ile ya Posta saa ngapi, inajirekebisha bila mkono wa mtu. Juu yake akabandika karatasi: SAA ISIGUSWE. Mzee Harilal akaja akaongeza kwa kalamu: hasa na fundi.

Mbaruku akairudisha saa ya binti yake nyuma dakika saba, kwa adabu, mbele ya mashahidi. Jumatatu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Kijakazi akachelewa kazini. Jioni akapita barazani, akaivua saa, akaiweka kwenye kimeza cha baba yake.

"Baba, niongezee tano," akasema. "Ya mkononi tu."