Alama Sitini na Nne

Wiki ile ya mwisho kaka yake alikuwa na saa mbili tu za akili timamu kwa siku. Dawa ya alfajiri ya kutuliza maumivu ilimlaza mpaka saa tatu, ya mchana ilimlaza tena kuanzia saa tano, na hapo katikati ndipo alipokuwa mtu: anatania, anauliza habari, anamlaumu muuguzi kwa kumfunga shuka kama kifurushi. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akimuuguza peke yake kwa miezi kumi, alizijua saa hizo mbili kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Ndiyo maana alipompigia mama simu alimwambia, “Njoo Alhamisi, saa nne kamili. Usichelewe.”

Mama alikuwa na neno moja la kusema. Miaka sita nyuma, siku baba alipozikwa, kaka alifika kaburi limeshafukiwa, begi la kompyuta likiwa begani. Alikuwa anaziba tundu kwenye programu, alisema, na lisingeweza kungoja. Mama alimjibu mbele ya waombolezaji wote: “Kuanzia leo usiniite mama.” Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata sheria neno kwa neno, hakumwita tena. Sasa mama alitaka kulirudisha neno lile. Alitaka aitwe mama mara moja tu kabla mwanawe hajafa.

Kazi ya kaka ilikuwa hivi. Kulikuwa na lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na watu wa nchi nyingi waliitumia. Lugha hiyo haikujengwa na wenyewe peke yao. Ndani yake mlikuwa na vipande vilivyoandikwa na watu baki, kimoja cha kubana mafaili, kingine cha kusoma tarehe, kingine cha kufungia siri. Kaka ndiye aliyevitunza. Kipande kikitoboka, yeye hukitoa na kuweka kizima kabla wezi hawajashtuka. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuingiza kitu ambacho hakukisoma chote. Wenzake walimwita Kobe.

Alhamisi saa tatu na robo pazia la kitanda lilivutwa. Hakuwa mama. Alikuwa mwenzake wa kazi, yule waliyemwita Kengele kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo polepole. Kompyuta ilikuwa imeshafunguliwa mkononi.

“Kobe, pole bwana. Sikai sana.”

“Hujawahi kukaa. Kimetoboka kipi?”

“Cha kubana mafaili. Mtu akikutumia faili lililochezewa, anaingia mpaka chumbani kwako. Saa sita mchana tundu linatangazwa dunia nzima. Kizima hiki hapa, saini yangu nimeshatia. Imebaki ya pili.”

Ndiyo ilikuwa sheria yao: anayeleta kipande hawezi kujipitishia mwenyewe. Lazima mwingine akikague, kisha naye atie saini. Wenye haki ya saini ya pili walikuwa wawili. Mmoja alikuwa angani, ndani ya ndege. Wa pili alikuwa amelala pale, kijidude cha saini, kidogo kama kidole gumba, kikimning’inia shingoni kwa uzi.

“Gusa tu,” Kengele alisema. “Sekunde moja, halafu nakuacha upumzike.”

“Nitapumzika sana wiki ijayo. Umekichukua wapi?”

“Jamani, Kobe. Pale pa siku zote.”

Kaka alimgeukia mdogo wake. Aliyekiandika kipande kile, mzee mmoja ambaye hawakuwahi kuonana naye, alikuwa ametuma kwenye simu ya kaka alfajiri ile, kama desturi yake, alama sitini na nne, tarakimu na herufi zilizochanganyika. Zilikuwa kama alama za vidole za faili. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, zote zinageuka. Kaka alitaka mdogo mtu asome za kwenye simu, yeye azifuatishe kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta.

“Kompyuta inalinganisha yenyewe sasa hivi,” Kengele alisema.

“Kompyuta ya nani? Yako?”

“Basi nisome mimi.”

“Aliyeleta hasomi. Soma, mdogo wangu.”

Akasoma. “Tatu, nane, efu...”

“Simama. Siyo hiki.”

Kengele alikiinamia kioo. Kwa haraka zake alikuwa amekichukua kwenye ghala la nakala lililo karibu, si kwa mwandishi mwenyewe. Pengine ilikuwa nakala ya toleo la zamani tu. Pengine kulikuwa na mwizi ndani yake. Hakuna aliyejua. Ilibidi akivute upya kwa mtandao wa simu, katika wodi ambamo mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyependa nyumba.

Kipande kilikuwa ndiyo kwanza kimeingia pale mdogo mtu aliposikia viatu vya mama kwenye korido. Mama alikuwa amevaa vizuri kama anayekwenda kuposa.

“Kaka, mama amefika.”

Kaka hakuinua macho. “Mwambie yule mama asubiri. Nasoma.”

Yule mama. Kengele alijifanya anatafuta waya wa chaji.

Mdogo mtu alitoka mpaka kwenye benchi. “Anasema usubiri kidogo.”

“Amesema hivyo? Amenitaja vipi?”

“Amesema usubiri, mama.”

“Basi mwambie nipo. Mwambie siendi popote.”

Mistari iliyobadilishwa ilikuwa mia mbili na kitu. Kaka aliisoma yote, akirudi nyuma, akiuliza, akimkatiza Kengele kila alipojibu kabla swali halijaisha. Saa tano muuguzi alikuja na sindano, kaka akamkatalia.

“Nikilala, huyu bwana atakinyanyua kidole changu mwenyewe.”

Muuguzi alicheka. Kengele hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaliwaza hilo.

Maumivu yalikuja mapema kuliko siku zote. Jasho lilimtoka kaka likalowesha mto, taya zikakaza, lakini alisema, “Sasa alama. Toka ya kwanza.” Mdogo mtu alisoma. Alipofika ya arobaini kidole cha kaka kiliteleza.

“Rudia. Toka mwanzo.”

“Kobe, watu wote huangalia nane za kwanza tu!”

“Wezi nao wanalijua hilo. Rudia.”

Akarudia. Kwenye ya hamsini kaka alifumba macho, akapotea, akarudi. “Rudia.” Nyuma ya pazia sauti ya mama ikaja, ndogo, yenye adabu kama ya mtu aliyebisha hodi ofisini.

“Wanangu, mnahesabu nini? Naweza kuingia?”

Mdogo mtu alimtazama kaka. Kaka aliinua kiganja: hapana. Mdogo mtu angeweza kuinuka alivute pazia. Zilikuwa hatua mbili. Kengele alikuwa anaangalia saa.

“Bado, mama,” mdogo mtu alisema, akaanza tena toka mwanzo.

Safari hii walifika. Kaka alitamka ya mwisho pamoja naye, “saba,” akagusa kijidude, na kioo kikawaka kijani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Kengele alifunga kompyuta na kumpita mama bila kumwona.

Mama aliingia. Macho ya kaka yalikuwa yamegeuka juu na meno yanagongana. Muuguzi safari hii hakuuliza, alichoma sindano. Mama alimshika mguu juu ya shuka. “Mwanangu. Ni mimi. Lile neno nililokwambia siku ile...” Alilisema lote, akalimaliza, akaliomba radhi, mbele ya mtu aliyelala fofofo. Kaka hakuamka. Alikuwa ameshakata kauli. Ijumaa alasiri pumzi nayo ikaisha.

Jumamosi Kengele alikuja msibani kufuata kijidude.

“Samahani, dada. Ni sheria. Jina nimeshalifuta kwenye orodha ya saini. La marehemu halitakiwi kulala humo hata siku moja.”

“Na kile kipande?”

“Kimefika salama. Hakuna hata mmoja aliyeibiwa kitu.” Alilisema kwa fahari. Alikula, akanawa, akaondoka.

Mama alikuwa ameketi akiegemea ukuta, amesikia. Wageni walipopungua alimwita binti yake karibu.

“Wewe ulikuwepo. Neno lake la mwisho lilikuwa nini?”

Uongo ulikuwa pale pale, mdogo, rahisi, na hakuna ambaye angekuja kuukagua. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini binti alikuwa ameosha mwili ule miezi kumi peke yake, huku mama akingoja kaka aanze kuomba radhi, na alitaka mama naye aumie.

“Saba.”

“Saba nini?”

“Saba tu, mama. Ilikuwa ya mwisho kwenye mstari.”

Mama aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akabaki anamtazama mdomo, akingoja neno lililobaki.